Nani Aliuzika Ukiritimba wa Mabasi?

Kuna jambo moja ambalo masomo ya Historia hayakutugusia kabisa. Tulikariri tarehe za mikataba ya machifu na Wazungu mpaka tukawa tunaiota usiku. Lakini mikataba ya mabaraza ya miji na kampuni za umeme, maji, gesi na mabasi, hiyo hatukuonyeshwa hata kwa mbali. Na hali hiyo ndiyo mikataba inayomgusa mtu kila asubuhi anapotoka nyumbani kwenda kutafuta unga.

Mkataba wa aina hii si kitu kigumu. Barabara ni mali ya umma. Anayetaka kulaza reli juu yake, au kuchimba mtaro apitishe bomba, au kujaza mabasi humo, hana budi kupiga hodi kwa madiwani. Nao madiwani, wakikubali, humpa kibali: wewe peke yako, kwa miaka kadhaa, kwa nauli hii na masharti haya. Siku ya kutia sahihi kuna soda na hotuba. Mimi sina haja na siku hiyo. Ninachotaka kujua ni siku ya mwisho inakuwaje. Nani anafunga mlango? Nani anabeba ufunguo?

Nilifika kwenye swali hili kwa mlango wa nyuma. Nina riwaya ninayoiandika, iko sura ya sita na imekwama hapo kama gari kwenye matope ya Aprili. Mhusika wangu ni diwani wa Nairobi ya miaka ya sitini ambaye anatakiwa kupiga kura kuhusu mabasi. Katika kutafuta jinsi wenzetu wa ng'ambo walivyoandika habari za madiwani na matajiri, nikaangukia kitabu kikuukuu kwa muuza vitabu wa kando ya njia, wale wanaotandaza gunia chini. Kinaitwa The Titan, cha Mwamerika Theodore Dreiser, kilichapishwa mwaka 1914. Ni cha pili katika vitabu vitatu kuhusu mtu mmoja, Frank Cowperwood. Na Cowperwood hakubuniwa hivi hivi tu. Dreiser alimchonga kutokana na mtu wa kweli, Charles Tyson Yerkes, na kitu kikubwa anachokipigania ni kibali cha tramu katika jiji la Chicago. Fikiria bwana, mtu anaandika riwaya nzito kama tofali, na moyo wake ni karatasi ya baraza! Nikasema hapa kuna shule.

Basi twende Chicago kwanza, Nairobi tutarudi.

Tramu ya kwanza ya kuvutwa na farasi ilianza kupita katika barabara ya State mwezi Aprili 1859. Kampuni zilipewa miaka 25. Mambo yakaenda. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikielekea ukingoni na akili za watu zikiwa kwingine, bunge la jimbo la Illinois likapitisha sheria kwamba ile miaka 25 isomeke 99. Gavana Oglesby aliikataa, wabunge wakampita kichwani wakaipitisha vilevile. Miaka tisini na tisa! Ukihesabu tangu 1859, hiyo inakwenda mpaka 1958. Mjukuu wa dereva wa farasi angezeeka kibali kingali hai.

Hapo ndipo mawakili walipopata mahali pa kula. Jiji likasema: bunge limeipa kampuni umri, sawa, lakini barabara ni zetu na ruhusa ya kuzitumia tuliitoa sisi. Mimi naona hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Mungu akikuongezea umri, je, na mwenye nyumba naye amekuongezea mkataba wa chumba? Lakini kampuni nazo zilishikilia karatasi yao ya 99 kama mtu anayeshikilia mkongojo. Ilipofika 1883 na miaka 25 ikakaribia kutimia, hakuna aliyetaka kupigana. Wakapatana kuongeza miaka 20, hadi tarehe 30 Julai 1903, kila upande ukibaki na madai yake mfukoni. Yaani walikubaliana kutokukubaliana, kisha wakaenda nyumbani kula.

Sasa ndiyo anaingia Yerkes. Huyu jamaa alizaliwa Philadelphia mwaka 1837, akawa dalali wa fedha kabla hajakomaa ndevu. Alikuwa akizungusha fedha za manispaa ya Philadelphia katika biashara zake, na mwaka 1871 moto mkubwa ulipoiteketeza Chicago, soko la fedha likatetemeka hadi huko kwao, akadaiwa, akashindwa kulipa, akafungwa jela. Alitoka baada ya miezi saba kwa msamaha. Mwaka 1886 alikuwa Chicago, katika mji uleule ambao moto wake ulimtia gerezani, akishika usukani wa tramu za upande wa kaskazini. Baadaye akaongeza za magharibi. Wallahi, ningeyabuni haya mhariri angeniambia nimetia chumvi.

Yerkes aliijua hesabu moja ambayo abiria hawaioni. Tramu hazijengwi kwa nauli ya jana, hujengwa kwa mkopo. Mkopeshaji naye husoma tarehe ya mwisho ya kibali kabla hajafungua mkoba. Mwaka 1890 unaweza kumkopa fedha za kulipa kwa miaka kumi. Mwaka 1897, ukiwa umebakiwa na miaka sita tu, atakutazama kama anavyomtazama mgonjwa mahututi anayetaka kununua shamba. Kwa hiyo kibali huanza kuoza kabla hakijafa. Kampuni huacha kubadilisha magari mabovu, maana ya nini kutia nyumba rangi mpya kama unahamishwa? Anayeumia ni yule anayening'inia mlangoni saa kumi na mbili asubuhi.

Dawa aliyoiona Yerkes ilikuwa kupata miaka zaidi, na hakujali dawa inapatikana duka gani. Mwaka 1897 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyoitwa ya Allen, ikiruhusu mabaraza ya miji kutoa vibali vya hadi miaka 50. Kilichobaki ni madiwani wa Chicago kuinua mikono. Na madiwani hao, wengi wao, mikono yao ilizoea kuinuliwa kwa bei. Wao hawakuita kitu kidogo, kwa sababu hakikuwa kidogo.

Mwezi Desemba 1898 ndipo mambo yalipochacha. Meya Carter Harrison, mtoto wa meya mwingine wa jina hilohilo, alikataa katakata. Watu wakajaa katika ukumbi wa baraza, juu kwenye roshani na nje barabarani, wengine wakiwa na kamba zilizofungwa vitanzi, ili diwani akitazama juu ajue anasubiriwa na nini. Na hapa kuna kitu kitamu kwa mwandishi yeyote. Miongoni mwa waliosimama na Meya walikuwamo madiwani wawili wa kata ya kwanza, John Coughlin na Michael Kenna, ambao sifa zao za usafi zilikuwa chache mno. Coughlin aliitwa Bathhouse John kwa kuwa aliwahi kufanya kazi ya kusugua watu migongo katika nyumba za kuogea. Hawakuwa malaika hata kidogo, lakini usiku ule walimtosa tajiri. Walimu wetu wa Fasihi hupenda wahusika wema wawe weupe na wabaya wawe weusi tititi. Historia haiandiki hivyo.

Miaka 50 ikakataliwa. Mwaka 1899 sheria yenyewe ya Allen ikafutwa. Yerkes akauza mali zake za Chicago, akavuka bahari kwenda London, na huko akawa mmoja wa waliojenga njia za treni za chini ya ardhi. Alifariki New York mwishoni mwa 1905. Dreiser anaifunga The Titan palepale kwenye kushindwa kwa kibali. Ni mahali pazuri pa kufungia riwaya, kelele zimefika juu na tajiri amelambishwa mchanga.

Lakini kibali chenyewe, ambacho ndicho nilichokuwa nakifuatilia, hakikufa usiku ule. Tarehe 30 Julai 1903 ilifika. Unadhani nini kilitokea? Kesho yake tramu zilipita kama kawaida. Baraza lilitoa ruhusa za muda mfupi mfupi, kama mwenye nyumba anayemwambia mpangaji kaa kwanza tutaongea. Reli zilikuwa za kampuni, magari ya kampuni, na watu walikuwa na kazi za kwenda. Jiji lingefanya nini? Ling'oe reli? Wapiga kura walisema zaidi ya mara moja kwamba wanataka jiji limiliki tramu lenyewe, na mwaka 1905 wakamchagua meya, Edward Dunne, kwa ahadi hiyo. Lakini kumiliki ni kulipa, na kulipa kwahitaji fedha. Wakati wote huo kampuni hazikutia mali mpya. Tramu za kuvutwa kwa kamba ya chuma iliyozikwa chini ya barabara, teknolojia ambayo miji mingine ilikuwa imeshaipa kisogo, ziliendelea Chicago hadi 1906.

Mwaka huohuo wa 1906 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua ile kesi ya miaka 99. Ikasema jiji lina haki: kampuni ziliongezewa umri, hazikuongezewa barabara. Karatasi iliyotisha watu kwa miaka 41 ikawa ya kufungia karanga.

Mwaka 1907 zikafanywa sheria mpya za jiji, wananchi wakazipigia kura Aprili. Miaka 20. Kampuni zitengeneze reli na magari upya, nauli senti tano, faida itakayobaki igawanywe, asilimia 55 kwa jiji na 45 kwa kampuni, na jiji liweze kununua vyote kwa bei iliyokubaliwa. Ukisoma harakaharaka unaweza kupiga makofi. Mimi nilipofika kwenye hiyo 55 nilisimama. Maana mlinzi sasa amepewa fungu katika duka analolilinda. Shikilia neno hilo, tutalihitaji tukifika Nairobi.

Mwisho wa miaka hiyo 20 ulikuwa tarehe 1 Februari 1927. Ulifika bila mapatano, kampuni zikiwa zimelemewa na madeni na kuangukia mikononi mwa mahakama. Tramu ziliendelea kupita, mwaka mmoja, mitano, kumi, kibali kikiwa marehemu asiyezikwa. Hatimaye mwaka 1945 likaundwa shirika la umma la usafiri wa Chicago, na tarehe 1 Oktoba 1947 likachukua kila kitu kwa kununua, dola milioni 75 kwa tramu na milioni 12 kwa treni za juu. Hivyo, kutoka tarehe ya karatasi hadi mazishi yenyewe, ni zaidi ya miaka 20. Mwaka huohuo wa 1947 ndipo kitabu cha tatu cha Dreiser, The Stoic, kilipotoka, mwandishi mwenyewe akiwa amefariki mwisho wa 1945. Na tramu ya mwisho mjini Chicago ilipita Juni 1958. Rudi juu utazame ile hesabu ya miaka 99. Sijui nicheke au nilie.

Haya, Nairobi.

Hapa hatukuwa na Yerkes. Mwaka 1934 kampuni ya Overseas Motor Transport ya London ilianzisha mabasi mjini, 13 kwa idadi, katika njia 12, na ndiyo mwanzo wa Kenya Bus Service. KBS, kama kila mtu alivyoiita. Babu yangu mpaka leo husema "nimekuja na KBS" hata akiwa ameshuka kwenye nisani yenye muziki wa kupasua masikio. Kwake jina hilo ndilo basi lenyewe.

Baada ya uhuru, mwaka 1966, Baraza la Jiji la Nairobi lilifanya mapatano na kampuni. Kampuni ipewe peke yake haki ya kuendesha mabasi ndani ya jiji, nalo Baraza lipewe asilimia 25 ya hisa. Hii ndiyo kura anayoipiga diwani wangu katika sura ya sita. Nimemwandikia usiku mzima wa kukosa usingizi. Si kwa sababu ya hongo, maana sina ushahidi wa hongo na sitaki kumzulia mtu. Anakosa usingizi kwa sababu ya swali la kawaida kabisa: watu wanamiminika mjini, vile vipingamizi vya kikoloni vya kumzuia Mwafrika kuishi jijini vimekwisha, vijumba vinaota ng'ambo ya mto kila wiki, na mabasi hayafiki huko. Anayeishi huko atapanda nini?

Jibu tunalijua. Atapanda gari la mtu. Gari bovu, la kubeba mizigo, lililowekwa mabenchi, mwenyewe hana leseni ya kubeba abiria, nauli senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi kumi. Hapo ndipo jina matatu lilipotokea, kwa Kikuyu cha tatu. Kisheria gari hilo lilikuwa mwizi, lilikuwa likiiba abiria wa KBS. Polisi walilikimbiza, nalo likakimbia, na abiria waliomo wakawa upande wa mwizi.

Sasa rudia lile neno tulilolishika. Nani alipaswa kusema kwamba mabasi hayatoshi? Baraza. Nani alikuwa na robo ya faida ya mabasi hayo? Baraza. Ukimwuliza mwenye duka kama mtaa unahitaji duka la pili, atakuambia nini? Mimi naona mapatano ya 1966 yalimfunga mdomo yule aliyepaswa kusema. Wako wanaoamini kwamba hisa zingelipa jiji sauti ndani ya kampuni, na kwenye karatasi ni kweli. Lakini sauti hiyo haikufika ng'ambo ya mto.

Mwaka 1973 Rais Kenyatta akatangaza kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila ile leseni. Basi. Neno moja la mkubwa. Hakukuwa na kamba zenye vitanzi, wala kesi iliyokwenda hadi Mahakama ya Juu, wala tarehe ya mwisho kwenye karatasi iliyotimia. Kibali cha baraza hakikufutwa, kwa maana hakuna aliyehitaji kukifuta. Kilibaki kimesema KBS peke yake, na nje ya dirisha walikuwa wengine mia. Chicago kibali kilikwisha kwenye karatasi na kampuni ikaendelea na barabara. Nairobi barabara ilikwenda kwanza, karatasi ikaachwa kwenye faili.

Kwa mwandishi wa riwaya hili ni balaa. Ukutane wapi na adui? Mabasi yalibaki na masharti yao, ratiba, makanga wenye sare, njia zisizo na faida. Matatu zikachagua njia nono na saa nono. Mwaka 1984 sheria ikazitambua rasmi. Mwaka 1986 serikali ikaleta mabasi yake, ya Nyayo, nayo kabla miaka ya tisini haijaisha yalikuwa yameshaanguka. Mwaka 1991 kampuni ya Stagecoach ya Uskoti ikanunua hisa kubwa za KBS, ikakaa miaka saba ikishindana na manamba wa Eastlands, mwaka 1998 ikauza kwa Wakenya ikaenda zake. Waskoti hawa walikuwa mabingwa wa mabasi kwao, lakini kwao hakuna mtu anayeshika mlango kwa mkono mmoja gari likienda huku akihesabu noti kwa mkono mwingine na kutongoza abiria kwa mdomo.

Nimejaribu kumpa diwani wangu uzee. Ni 1973, amestaafu, amesimama kituoni, basi la KBS analolisubiri halijafika. Matatu inasimama mbele yake, kijana anamwita mzee panda, tuko na nafasi ya mmoja. Yeye ndiye aliyeinua mkono mwaka 1966. Nimeandika apande, nikafuta. Nimeandika akatae, nikafuta. Kwa sasa nimemwacha hapo kituoni.

Kampuni nayo ilipata hatima yake isiyofanana na yoyote niliyoisoma kuhusu Chicago. Katikati ya miaka ya 2000, madeni yakiwa yameikaba, KBS iliacha kutegemea mabasi yake yenyewe, ikawa msimamizi. Mtu mwenye basi lake moja au mawili analileta, linapewa jina na njia, linafuata utaratibu wa ofisi, naye analipia.